Kuligawa darasa la Hisabati kwa ngazi: kunakuza ubunifu wa watoto au kunaupunguza?

Mwalimu wa Darasa la Tano, Tanga mjini

Walimu wenzangu, nawasalimu nyote. Nafundisha Hisabati darasa la tano katika shule moja ya msingi hapa Tanga mjini, na darasa langu lina wanafunzi 74. Tangu muhula uanze nimejaribu kufuata ushauri tuliopewa katika mafunzo kazini, kwamba mwalimu asilifundishe darasa zima kana kwamba ni mtoto mmoja, bali atofautishe kazi kulingana na mahali kila mwanafunzi alipofikia. Nilitoa jaribio fupi, nikalisahihisha, kisha nikaligawa darasa katika makundi matatu. Kundi la kwanza, lenye watoto wanaosuasua hata katika kujumlisha kwa kubeba, nimekuwa nikilipa hesabu fupi za kuzidisha kwa tarakimu moja. Kundi la kati linafanya mazoezi ya kitabu cha kiada kama yalivyo. Kundi la tatu nalipa mafumbo na maswali ya maneno yanayohitaji kufikiri kwa muda.

Baada ya wiki sita, matokeo yananisumbua. Kundi la tatu limechangamka sana: watoto wanabishana, wanabuni njia ambazo sikuwafundisha, na mara nyingine hawataki kutoka kengele ikilia. Kundi la kwanza limetulia kabisa, na utulivu huo ambao mwanzoni niliuona kuwa ni nidhamu nimekuja kutambua kuwa ni kukata tamaa. Wanajaza majibu, wanaleta daftari, wanasubiri vema, wanarudi kukaa. Wiki iliyopita mtoto mmoja wa kundi hilo aliniuliza, "Mwalimu, sisi maswali ya hadithi tutapewa lini?" Nilimwambia asubiri kidogo, lakini moyoni nilijua kwamba kwa mwendo ule asingeyapata mwaka huu.

Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 unatutaka tujenge ubunifu na fikra tunduizi, yaani uwezo wa kuchambua na kuhoji, kwa kila mwanafunzi, na sioni popote palipoandikwa kwamba wanaosuasua wameachwa nje. Naomba kuuliza basi: inawezekana kweli kutofautisha kazi darasani na wakati huohuo kukuza ubunifu wa wote, au mambo haya mawili yanavutana? Kama inawezekana, andalio la somo langu la dakika 40 linapaswa kuwaje? Ningeomba mifano ambayo mtu ameijaribu mwenyewe darasani, kwa kuwa maelezo ya jumla tayari ninayo ya kutosha.

Mwalimu Mstaafu, Pangani

Mwanangu, nilifundisha Hisabati kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na kosa unalolieleza nililifanya kwa muda mrefu kabla ya kulitambua, kwa hiyo usijilaumu kupita kiasi. Uligawa maswali, ukawapa baadhi ya watoto maswali ya kufikiria na wengine ukawapa ya kujaza. Kinachotakiwa kugawanywa ni msaada. Swali lenye uzito wa kufikiri liende kwa darasa zima, kisha kila mtoto apate msaada wa kiasi anachohitaji ili aweze kuliingia, na anayelimaliza mapema akute bado lina sehemu ya kuendelea.

Nitakupa mfano mmoja niliourudia mara nyingi. Niliandika ubaoni: "Mama ana waya wa mita 24. Anataka kuzungushia bustani yenye umbo la mstatili na kuutumia waya wote. Bustani yake inaweza kuwa na urefu na upana gani?" Angalia kwamba sikuuliza vipimo ni vipi, kana kwamba jibu ni moja. Neno "inaweza" ndilo linalofungua mlango. Kwa kila dawati niliweka vijiti 24 tulivyovikata wenyewe kwenye makuti, na sikusema ni kwa ajili ya nani. Mtoto asiyejua kuzidisha vizuri alipanga vijiti akapata mstatili mmoja, tuseme 8 kwa 4, na hapo alikuwa tayari ana jibu sahihi la swali lile lile ambalo mwenzake mwepesi alikuwa analifanya. Mwingine alitambua kwamba urefu na upana vikijumlishwa lazima vitoe 12, akaorodhesha yote: 11 na 1, 10 na 2, 9 na 3, 8 na 4, 7 na 5, 6 na 6. Wa tatu alianza kutafuta maeneo yake, akapata 11, 20, 27, 32, 35 na 36, akashangaa kuona waya ni uleule lakini ardhi inaongezeka kadiri pande zinavyokaribiana. Kwa waliofika hapo nilikuwa na swali la kuendelea: je, bustani ikiegemea ukuta wa nyumba, upande mmoja usihitaji waya, eneo kubwa kabisa ni lipi? Jibu lake ni mita za mraba 72, kwa upana wa 6 na urefu wa 12, ambalo ni mara mbili kamili ya 36. Ukimwuliza mtoto kwa nini ni mara mbili kamili, umempa kazi ya wiki nzima.

Kuhusu msaada, nilikuwa na kadi tatu mezani kwangu, nimeziandika kwa mkono kwenye vipande vya maboksi. Ya kwanza ilisema: "Panga vijiti vyote 24 uunde mstatili wowote, kisha uuchore." Ya pili iliuliza: "Urefu mmoja na upana mmoja vikijumlishwa vinatoa ngapi?" Ya tatu ilikuwa na jedwali ambalo mistari miwili ya mwanzo nimekwisha kuijaza. Sharti lilikuwa moja: hakuna kuchukua kadi kabla ya kujaribu kwa dakika tano, na kadi anaichukua mtoto mwenyewe. Kwa utaratibu huo makundi yalijitengeneza yenyewe kila siku, na yalibadilika. Mtoto aliyechukua kadi tatu katika mzingo, yaani jumla ya pande zote za umbo, hakuchukua hata moja tulipofika kwenye hesabu za sehemu kama nusu na robo, kwa sababu nyumbani kwao wanauza samaki na amezoea kugawa. Kama ningemweka katika kundi la chini tangu Januari, nisingeligundua hilo.

Naomba pia uyafute majina ya makundi, hata kama uliyaita kwa rangi au kwa wanyama. Watoto wanajua siku ya kwanza ni nani yuko wapi.

Mwalimu wa Taaluma, Muheza

Nimeyasoma maelezo ya Mwalimu wetu mstaafu kwa heshima, na kwa sehemu kubwa nakubaliana naye, lakini naomba tuseme pia yale yanayotukwamisha ili mwenzetu asije akaingia darasani na matumaini yasiyo na msingi.

La kwanza ni idadi. Katika mkondo mmoja hapa kwetu kuna watoto 90, na mwalimu mmoja ana vipindi karibu siku nzima. Kazi yenye majibu mengi huzaa daftari 90 zenye maelezo 90 tofauti, na kila moja inahitaji kusomwa, wakati hesabu ya jibu moja husahihishwa kwa kutazama mara moja. La pili ni mtihani. Mwanafunzi wetu atapimwa kwa karatasi ambayo sehemu yake kubwa ni ya kuchagua jibu sahihi kwa muda uliopangwa, na mzazi atauliza alama, hatauliza mtoto alibuni nini. La tatu ndilo zito zaidi kwangu: mtoto ambaye hajui 6 mara 4, hata umpe waya na vijiti, mara nyingi anaishia kuchezea vijiti. Ubunifu unahitaji mali ya kubunia. Mimi nimewaona watoto waliofika darasa la tano bila kuzimudu KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na kwao zoezi la wazi, lenye majibu mengi, lilikuwa ni aibu nyingine mbele ya wenzao.

Ninachofanya mimi ni kutenga. Vipindi vingi vya wiki ni vya misingi, kwa mazoezi ya kurudia na majedwali ya kuzidisha kwa sauti, na kipindi kimoja, kwa kawaida Ijumaa, ndicho cha swali la wazi. Najua si utaratibu kamili, lakini naweza kuuendesha bila kuchoka katikati ya muhula, na jambo ambalo mwalimu hawezi kuliendeleza halimsaidii mtoto.

Mwalimu wa Sekondari, Ngamiani

Mwalimu wa Muheza ametaja jambo la kweli, kwamba ubunifu unahitaji mali. Ningependa kulitazama kwa upande wa pili, kwa kuwa mimi ndiye ninayewapokea watoto hao kidato cha kwanza na ninaona kilichobaki vichwani mwao.

Mtoto aliyekariri kuzidisha bila kuchezea namba anapokea kila hesabu mpya kama jambo geni. Nikimwandikia 25 mara 48, anapanga wima, anazidisha, anabeba, na akikosea kubeba hana namna ya kujua kwamba amekosea. Kwa hiyo mwanzoni mwa kila wiki nauliza swali moja la namna hii kwa dakika kumi, na masharti ni kwamba jibu halina thamani kubwa, thamani iko kwenye njia. Mmoja anasema 25 mara 40 ni 1,000 na 25 mara 8 ni 200. Mwingine anasema 48 ina nne kumi na mbili, na 25 mara nne ni 100, basi ni mia kumi na mbili. Wa tatu anachukua 50 mara 24. Wa nne anachukua 25 mara 50, ambayo ni 1,250, kisha anatoa 50. Wote wanafika 1,200. Katika dakika hizo kumi watoto wamefanya mazoezi mengi ya kuzidisha kuliko ambavyo wangefanya kwa kuimba jedwali, na misingi imepigwa msasa ndani ya kufikiri. Wala hakuna daftari la kusahihisha, kwa sababu kila kitu kiko ubaoni.

Waliochunguza fikra bunifu, kuanzia J. P. Guilford wa Marekani mwaka 1950 na baadaye E. Paul Torrance, waliitenganisha katika sehemu ambazo zinatusaidia sisi walimu kujua tunatafuta nini: wingi wa mawazo, unyumbufu wa kuhama kutoka njia moja hadi nyingine iliyo tofauti kweli, upekee wa wazo, na uwezo wa kulipanua. Mtoto aliyemletea Mwalimu wa Pangani mistatili sita ya uzio ana wingi. Aliyeacha kupanga vijiti akaanza kutumia jumla ya 12 ana unyumbufu. Sehemu hizi hazikai kwa mtoto mmoja, na ndiyo maana nina shaka na darasa lililopangwa ngazi moja juu ya nyingine kwa jaribio la kukokotoa. Jaribio lile lilipima kasi na usahihi tu.

Mfano wangu unatoka hapahapa mtaani. Watoto wa Ngamiani wanajua kwamba barabara zetu zinaitwa kwa namba na zinakatana na mitaa mingine kama mistari ya daftari la hesabu. Nawachorea pembe moja ya barabara na pembe nyingine iliyo mitaa mitatu upande wa mashariki na miwili upande wa kaskazini, kisha nauliza: mtu wa baiskeli asiyetaka kurudi nyuma ana njia ngapi za kufika? Mtoto yeyote anaweza kuchora njia moja, hata mbili. Wengi wanafika saba au nane na kuanza kubishana kama wamerudia, na ubishi huo ndio unaowalazimisha kutafuta utaratibu wa kuandika, kwa mfano herufi M kwa mashariki na K kwa kaskazini. Wachache wanatambua kwamba kila pembe ya barabara hufikiwa kutoka pembe zisizozidi mbili zilizotangulia, kwa hiyo idadi ya njia zake ni jumla ya njia za pembe hizo. Wakijaza namba kwenye pembe zote wanapata 10 mwishoni, na bila kujua wamejenga sehemu ya pembetatu ya Pascal, mpangilio wa namba ambao kila namba ya ndani ni jumla ya mbili zilizo juu yake. Anayemaliza namwambia: pembe fulani ya katikati imefungwa kwa turubai la arusi, sasa njia ni ngapi? Ikiwa pembe iliyofungwa ni ile iliyo mtaa mmoja mashariki na mmoja kaskazini ya pale alipoanzia, zinabaki nne. Darasa zima lina ramani moja, na kila mmoja anaingia mahali panapomfaa.

Naongeza jambo la lugha, ingawa linawahusu zaidi walio sekondari. Watoto hawa hawa walioongea sana shule ya msingi kwa Kiswahili hunyamaza kidato cha kwanza, kwa sababu wanatakiwa kufikiri na kutafuta maneno ya Kiingereza kwa wakati mmoja. Mimi huwaruhusu wajadiliane kwanza kwa Kiswahili katika kikundi, kisha waandike kwa lugha ya mtihani. Huo nao ni utofautishaji, na pengine ndio ulioleta mabadiliko makubwa kuliko mbinu zangu nyingine zote.

Mwalimu wa Darasa la Tano, Tanga mjini

Shikamoo Mwalimu wetu wa Pangani, na asanteni nyote. Nimekaa kimya wiki mbili kwa sababu nilitaka nirudi na jambo la kusema.

Nilivunja makundi. Kipindi cha kwanza cha uzio kiliharibika: nilitoa vijiti kabla ya kulieleza swali, na kwa dakika kumi na tano darasa zima likawa linajenga nyumba. Kadi zangu zilichukuliwa na watoto watano walewale, wengine wakaona haya kuja mezani. Kipindi cha pili nilieleza kwanza, nikazipeleka kadi pembeni mwa darasa, chini ya dirisha, mahali ambapo mtoto anaweza kwenda bila kupita mbele ya wote. Waliozifuata waliongezeka, wakiwemo wawili kutoka kundi langu la zamani la tatu.

Kuna jambo lililotokea ambalo sikulitarajia. Mtoto aliyekuwa kundi la kwanza, ambaye majedwali ya kuzidisha bado yanampiga chenga, alipanga mraba wa 6 kwa 6 kwa vijiti, kisha akakisukuma kipembe kimoja ndani, yaani akavigeuza vijiti viwili vya kona viingie ndani badala ya kutoka nje. Akaniita kuniuliza kama bado ni vijiti 24. Vilikuwa 24. Tukahesabu miraba iliyobaki ndani, ikawa 35. Mtoto aliyekaa nyuma yake akasema 35 yeye alikwisha kuipata kwa 7 kwa 5. Tukawa na maumbo mawili yenye mzingo uleule na eneo lilelile, na moja si mstatili kabisa. Nilisimamisha darasa tukachora yote mawili ubaoni. Sikuwahi kuliona jambo hilo katika miaka yote niliyofundisha mzingo na eneo, na nisingeliona, kwa sababu swali langu lilisema "mstatili" na mimi ningeishia hapo.

Nakubali pia onyo la Mwalimu wa Muheza. Mtoto huyo huyo siku iliyofuata alikosa hesabu sita kati ya kumi za kuzidisha, kwa hiyo nimebakiza dakika kumi za misingi kila siku kwa wanaozihitaji, ila sasa nazifanya kwa namna ya 25 mara 48, kwa namba ndogo zaidi. Watoto wanane bado siwezi kuwafikia vya kutosha, na sitasema nimelimaliza hilo.

Limebaki swali moja: alama. Mwalimu mkuu anataka kuona alama za kila wiki. Nimpe nini mtoto aliyekunja kona?

Mwalimu Mstaafu, Pangani

Marahaba, mwanangu. Toa alama mbili zilizotengana na uziandike pembeni kwa pembeni. Moja ni ya usahihi wa kukokotoa, na hiyo ndiyo utakayompelekea mwalimu mkuu katika orodha yake. Nyingine ni ya njia: andika idadi ya njia alizojaribu, na weka nyota kwa njia ambayo hakuna mwingine darasani aliyeileta. Upekee tunaupima ndani ya darasa lile, hatumlinganishi mtoto na wanahisabati wa dunia. Kwa wanafunzi 74 usijaribu kusoma daftari zote kwa jicho hilo kila wiki. Chukua 15, wiki inayofuata wengine 15, na kwa wiki tano umewafikia wote.

Umbo la yule mtoto liandikwe kwenye karatasi kubwa na lining'inizwe ukutani. Chini yake andika swali ambalo hukulijibu: tukikunja kona mbili, eneo linakuwa ngapi, na je, kuna mstatili wa vijiti 24 wenye eneo hilo? Ni 34, na wakitafuta kwa namba nzima hawataupata. Waache watafute, na wakikuuliza kama urefu unaweza kuwa na desimali, hapo andalio lako la mada inayofuata litakuwa limekwisha kuanza.

Mwalimu wa Taaluma, Muheza

Nimelichukua hilo la daftari 15 kwa wiki. Kwa mkondo wangu itakuwa ni wiki sita, nami nitaanza Jumatatu.